Leso Haizuii Moshi Huu

Unapongoja matatu stejini ukiwa umeziba pua kwa leso, wadhani umejikinga? Masizi unayopangusa usoni ni makubwa. Hatari zaidi ni chembechembe za moshi wa dizeli ambazo hata 500 zikipangwa sambamba, hazifikii upana wa unywele. Hizo hupenya leso, zikashuka hadi kina cha mapafu, nyingine zikaingia katika damu na kuusumbua moyo.

Mwaka 2019, watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba walikuta masizi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto, kwa akina mama wasiovuta sigara!

Basi mama mjamzito, usisimame nyuma ya gari linalonguruma. Nawe dereva, mbona usizime injini ukingoja abiria?