Akiba haiozi, hata ikiwa amplifaya ndogo

Msomaji mpenzi, umewahi kuiona harusi ikinyamaza? Mimi nimeiona. Bibi harusi alikuwa ameshika mkono wa babake mlangoni mwa hema, wasimamizi wamejipanga, akina mama wako tayari kwa vigelegele, na kijana mpiga gitaa akainama kuanza wimbo. Akazigusa nyuzi. Kimya. Akabonyeza swichi, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Kimya kile kile. Stima ilikuwa imekatika asubuhi hiyo, ikarudi kwa nguvu kupita kiasi, na amplifaya yake kubwa, fahari yake yote, ilikuwa imeungua.

"Kijana," akauliza ami yake bwana harusi, "tulikulipa ulipige hilo gitaa ama ulibebe?"

"Niwie radhi, mzee," akajibu kijana, na jasho likimtiririka.

Bibi harusi aliingia kwa makofi na vigelegele tu. Fundi aliyeitwa alifika watu wakila. Kijana yule akarudisha pesa alizokuwa amelipwa, na mialiko miwili aliyokuwa ameahidiwa na jamaa za bwana harusi ikapewa mwingine. Ilisikitisha, maana kijana mwenyewe ni hodari wa gitaa kwelikweli.

Kosa lake lilikuwa nini basi? Si kuharibikiwa, kwani chombo ni chombo. Kosa lake ni kwenda kwa shughuli ya watu akiwa na amplifaya moja pekee. Harusi hairudiwi juma lijalo. Ndiyo maana leo nataka kukushawishi, wewe upigaye gitaa kanisani, harusini ama hotelini, na wewe mzazi ambaye mwanao amejiunga na bendi: kabla ya kufikiria amplifaya kubwa zaidi, tafuta ndogo ya akiba, tena ya transista na ya bei nafuu.

Kwa nini transista? Amplifaya kubwa ambazo wapiga gitaa wengi huzienzi ni zile za vali, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama balbu. Sauti yake ni tamu, sikatai. Lakini kioo ni kioo. Ukiibeba juu ya matatu kwenye barabara yenye mashimo, vali yaweza kulegea ama kupasuka. Zaidi ya hayo, vali ni ghali na si kila fundi wa mtaani anayo dukani.

Transista ni kitu kingine kabisa. Kazi ya kuivumbua ilizaa matunda Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na wanasayansi watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Ndiyo iliyotuletea ile redio ndogo ambayo babu aliibeba hadi malishoni. Haina kioo cha kuvunjika, haingoji kupata moto ndipo ilie, na ni nyepesi. Amplifaya ndogo ya aina hii waweza kuipakata ndani ya matatu.

Najua kuna atakayecheka na kusema kwamba transista ni za wanaojifunza. Mwambie hivi: marehemu B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, alipiga kwa miaka mingi akitumia amplifaya ya transista iitwayo Lab Series L5. Nayo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa amplifaya ya transista iitwayo JC-120 mwaka 1975, na wapiga gitaa wameipenda tangu hapo. Hizo si ndogo, lakini zathibitisha kwamba transista si aibu.

Sasa swali ambalo lazima utaniuliza: je, wati 15 ama 20 zitasikika? Hapa wengi hupotoka. Wati 10 si sehemu ya kumi ya sauti ya wati 100, kwa maana sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu. Ukizizidisha mara kumi, huongezeka kwa desibeli 10, na sikio hupokea hizo kama sauti iliyokua takriban mara mbili. Kwa hivyo amplifaya ya wati 10 hutoa karibu nusu ya sauti ya ile ya wati 100, ikiwa spika zao zina uwezo sawa. Wembamba wa reli, garimoshi hupita!

Hata hivyo, palipo na ngoma na watu mia tatu, usiilazimishe. Amplifaya ya transista ikisukumwa hadi mwisho hukwaruza masikio. Weka sauti ya wastani, kisha simamisha maikrofoni mbele ya spika yake, karibu kabisa, na uiunganishe na vyombo vikubwa vya ukumbi. Hapo kanisa zima litakusikia, wala hakuna atakayejua kwamba kisanduku kilicho miguuni pako ni cha akiba.

Ukienda kununua, iwe ni dukani Luthuli Avenue ama kwa mwenzako anayeuza chake kilichotumika, tazama kwanza mgongoni mwa chombo. Soma volti. Stima yetu hapa Kenya ni volti 240. Chombo kilichotengenezewa Marekani huandikwa 120, na cha Japani 100. Ukikichomeka ukutani kama kilivyo, utasikia harufu ya moshi kabla ya kusikia wimbo. Vingine vina kiswichi cha kuchagua volti, basi hakikisha kimewekwa sawasawa.

Pili, nenda na gitaa lako na waya wako. Washa, ongeza sauti polepole, zungusha kila kitufe. Kikikwaruza kidogo, huenda ni vumbi tu. Sauti ikikatikakatika unapoutikisa waya kwenye tundu lake, hiyo ni kazi ya fundi, na bei ishuke. Iache iwake kwa nusu saa hivi, maana ugonjwa mwingine hujitokeza chombo kikishapata moto.

Tatu, fyuzi. Amplifaya inayokula wati 60 za stima, ukigawanya kwa volti 240, inahitaji robo ya ampia tu. Basi fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi ni kubwa mno kwake. Ile ya ampia 3 yatosha. Ile nyingine iliyo mgongoni mwa chombo ibadilishe kwa nambari ile ile iliyoandikwa hapo, baada ya kuchomoa plagi. Na tafadhali, ile tabia ya kuifunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya pakiti ya sigara iache. Imeunguza vyombo na yaweza kuteketeza nyumba.

Lakini je, stima ikipotea kabisa? Hapo amplifaya ya kuchomekwa ukutani, ya akiba ama si ya akiba, ni pambo. Zipo ndogo za transista zinazotumia betri, nyingine betri sita tu za aina ya AA. Wati zake ni mbili ama tatu hivi, lakini ndani ya kanisa dogo, waumini wakiimba kwa utulivu, zatosha kumshikia mwimbishaji ufunguo wa wimbo. Ikiwa kwenu giza ni mgeni wa kila wiki, fikiria aina hii kwanza.

Nikuonye kuhusu mambo mawili. Usipigie gitaa la besi kwa sauti ya juu kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida, kwani mtikisiko wake waweza kuirarua spika. Pia usiitegemee kwa sauti ya mhubiri ama mwongoza sherehe, isipokuwa iwe na tundu lake la maikrofoni.

Ukishaipata, usiifungie kabatini mpaka siku ya msiba. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ipigie wimbo mzima walau mara moja kwa mwezi. Iwekee mfuko wake wenye waya wa stima, waya wa gitaa, fyuzi mbili na nyuzi za ziada, na mfuko huo usiazimwe na mtu. Kisha jizoeze nyumbani kuhama kutoka kubwa hadi ndogo: punguza sauti, chomoa, chomeka, ongeza sauti. Ukiweza kufanya hivyo kabla mwimbaji hajamaliza ubeti mmoja, umefuzu.

Nawe mama, ama baba, kijana wako akikuomba msaada wa kununua "kisanduku kingine" ilhali anacho kimoja, usimkemee upesi kwamba anafuja pesa. Muulize ni cha nini. Akijibu kwamba ni cha akiba, jua kwamba unalea mtu anayeanza kuiheshimu kazi yake na wanaomwalika.

Yule kijana wa harusi nilikutana naye tena miezi kadhaa baadaye, katika sherehe nyingine. Amplifaya yake kubwa ilikuwa imepona na ilikuwa ikilia vizuri. Nyuma yake, chini ya kiti, nikaona kisanduku kidogo cheusi kilichokwaruzika pembe. Hakikutumika siku hiyo. Nilipokitazama alitabasamu tu, akaendelea kupiga.

Kwa leo kalamu yaweka kituo hapa. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.