Oksijeni ya Karema haimo kwenye madesa

Wanavyuo wenzangu, ukimwuliza msomi wa baiolojia usanisinuru unafanyika wapi, jibu ni moja: kwenye jani. Sisi tuliotoka Mpanda tungepaswa kuwa wa kwanza kubisha. Shuka Karema, chota kikombe cha maji ya Ziwa Tanganyika. Humo mna sianobakteria, vijidudu visivyo na jani wala mzizi. Mababu zao ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Sisi tunakariri mlinganyo, tunapata maksi, basi. Hatuulizi mtambo wenyewe unadumuje. Oksijeni hiyo hutoka kwenye maji, yanayopasuliwa na kishada cha atomi 4 za manganizi, 1 ya kalsiamu na 5 za oksijeni. Protini iitwayo PsbO hukishikilia kisilegee. Jirani yake ni protini D1, ambayo jua huiharibu kila siku. Mwanga ukiwa mkali inaweza isimalize hata saa moja. Seli huing'oa ile mbovu, inaunda mpya, kazi inaendelea. Uharibifu ukiuzidi ukarabati, oksijeni inapungua.

Kuna atakayesema, "Ndugu yangu, mvuvi wa Karema na protini wapi na wapi?" Zinamhusu sana. Ziwani mle, ukishapita kina cha mita 100 hadi 200 hivi, oksijeni hakuna. Samaki wanabanana tabaka la juu. Dagaa hula wadudu wadogo wa majini, nao hula hivyo vijidudu vya kijani. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mazungumzo niliyoyasikia yakawa nyavu, nyavu, nyavu. Sawa, lakini wavu hautengenezi chakula cha dagaa.

Rai yangu: idara za baiolojia zipeleke mafunzo kwa vitendo ziwani. Katavi tayari kuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA. Hadubini, chupa za sampuli na kipima oksijeni si vitu vya mwezini. Mwanafunzi akipima alfajiri, akarudia mchana, akaona oksijeni ilivyopanda na jua, hatahitaji kukariri. Na siku mvuvi akiuliza kama ile miezi mitatu ya kukaa nchi kavu inamrudishia samaki, awepo kijana wa Katavi wa kumjibu kwa vipimo, kuanzia chini kabisa ya mnyororo wa chakula.