Mpangaji Asiyeweza Kuhama

Nina neno la kusema juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nami naliona kubwa. Ni juu ya vile viprogramu viwili ambavyo kazi yake ni kumhamisha mwandishi wa mtandaoni. Cha kwanza huyakusanya maandishi yake yote katika tovuti aliyokuwa akiandikia na kuyafunga katika faili moja. Cha pili hulipokea faili hilo katika tovuti nyingine, hulifungua, na kuyapanga maandishi upya, kila andiko kwa tarehe yake na jina la mwenyewe. Mafundi hukiita hiki cha pili programu jalizi, kwa kuwa hupachikwa juu ya programu kubwa ili kuiongezea kazi isiyokuwa nayo. Watu huvikumbuka viprogramu hivi siku ya kuhama tu, kama wanavyoikumbuka kamba siku ya kufunga mzigo.

Dai langu, ndugu msomaji, ni hili: tovuti isiyokupa njia kamili ya kutoka na maandishi yako haistahili kupewa maandishi yako. Iwe ya bure, iwe nzuri kupita kiasi, iwe na wasomaji wengi kama mchanga wa pwani, haistahili. Na sisi tunaoandika tuna wajibu wa kuuliza habari za mlango wa kutokea kabla ya kusifu rangi ya kuta.

Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Amekukaribisha bure, wakuambie, basi ukitoka utoke mikono mitupu na ushukuru. Hoja hii ina sura ya adabu, lakini haina haki ndani yake. Mwenye tovuti hakutukaribisha kwa huruma. Sisi ndio tuliojaza vyumba vyake. Wasomaji walikuja kufuata maneno yetu, na matangazo yakaja kufuata wasomaji. Mkulima anayeweka mahindi yake katika ghala la mwenzake hulipa ada ya ghala. Haachi mahindi kuwa ada.

Tena tusidhani kwamba nyumba hizi ni za kudumu. GeoCities ilianzishwa Marekani mwaka 1994, ikawa mji mzima wa kurasa za watu wa kawaida. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na mwezi Oktoba 2009 ikaifunga. Kama wasingekuwapo watu wa kujitolea waliokesha wakinakili kurasa kabla ya siku ya mwisho, nyingi zaidi zingalipotea. Vox ilifungwa mwaka 2010. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikawa imekwisha. TypePad, iliyokuwa ikitoza ada tangu 2003, ilitangaza mwishoni mwa Agosti 2025 kwamba ingefungwa tarehe 30 Septemba. Watu waliolipa kwa miaka ishirini walipewa muda wa mwezi mmoja na siku chache. Kwa hiyo hata kulipa si kinga. Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Pew ilieleza kwamba katika kila kurasa mia za mtandaoni zilizokuwapo mwaka 2013, kurasa 38 zilikuwa hazipatikani tena baada ya miaka kumi.

Sasa tazama upande wa pili, tuone jinsi mlango wa kutokea unavyomlinda mtu. Mwezi Mei 2004 wenye programu ya Movable Type walibadili masharti yao ya leseni na bei, na waandishi wengi wakakasirika. Hasira peke yake isingewafaa kitu. Kilichowafaa ni kwamba Movable Type ilikuwa na njia ya kuyatoa maandishi katika faili la maneno matupu, mwandishi mstari wake, kichwa cha habari mstari wake, tarehe mstari wake, na vistari vya kutenga andiko na andiko. Faili la namna hiyo hata mtu asiye fundi anaweza kulisoma. WordPress, iliyozaliwa mwaka 2003, ilikuwa na kiprogramu cha kulipokea. Wengi wakafunga mizigo, wakahama. Na Microsoft ilipoamua mwaka 2010 kuacha Windows Live Spaces, iliyosemwa kuwa na watumiaji milioni 30, iliwajengea daraja la kuwavusha hadi WordPress.com, ikawapa miezi sita. Basi jambo linawezekana pale mwenye nyumba anapotaka.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kukaza neno. Si kila kinachoitwa kuhamisha ni kuhamisha. Iko hila ya kutoa nusu na kuiita nzima.

Chukua mfano wa faili la WordPress, ambalo ni miongoni mwa yaliyo bora. Ndani yake mna makala, kurasa, makundi ya mada, na maoni ya wasomaji. Picha hazimo. Kilichomo ni anwani ya kila picha. Kiprogramu cha kupokea kikifika kwenye anwani hiyo, kama umekiagiza, hurudi kwenye nyumba ya zamani, hupiga hodi, na kuomba picha. Nyumba ikiwa bado imesimama, hupewa. Ikiwa imekwisha bomolewa, hurudi bure, na mahali pa picha panabaki mwanya. Kiprogramu hicho hukuuliza pia kila mwandishi aliyetajwa katika faili apewe jina gani katika nyumba mpya. Ukipita haraka bila kujibu vizuri, kazi za watu watano huweza kuonekana kuwa za mtu mmoja. Aidha, faili likiwa kubwa kuliko kiasi kinachokubaliwa na seva, halipokelewi. Na likipokelewa, kazi ikizidi muda uliowekwa hukatika njiani, miaka ya mwanzo ikawa imeingia na ya mwisho ikabaki nje.

Haya nayajua kwa sababu yametufika. Tulikuwa watu watano hapa Tanga, na tangu mwaka 2008 tulikuwa na blogu ya habari za mitaa yetu: ngoma, vyombo vya baharini, majina ya zamani ya njia, maneno ya wazee. Kampuni iliyotuhifadhi, ambayo sitaitaja, ilitangaza kwamba inafunga na ikatoa siku 30. Siku ile ile tulichukua faili letu. Tulipolifungua tuliona makala zote zimo, picha ni anwani tu, na maoni ya wasomaji hayamo kabisa. Tukaanza kuyanakili maoni kwa mkono, tukifuata miaka kuanzia wa kwanza, huku tukichangishana fedha za nyumba mpya. Siku tisa kabla ya tarehe waliyoahidi, ghala la picha na kurasa za maoni vilikuwa vimekwisha zimwa. Tuliwaandikia. Tulijibiwa kwa barua pepe ya kutushukuru kwa kuwa wateja wao.

Miongoni mwa makala hizo ilikuwamo moja ya mwaka 2013. Mama mmoja alituletea picha ya timu ya mpira ya mtaa wao, ya mwaka 1962, vijana kumi na mmoja wamepanga mistari miwili, naye hakumjua ila kaka yake. Tuliiweka picha, tukaandika chini yake: Nani anawafahamu hawa? Kwa muda wa miaka mitatu majibu yalikuja. Mtu wa Mombasa alimtambua mjomba wake. Mwingine aliandika kutoka Muscat akataja wawili. Bibi mmoja aliyeko Toronto alimjua golikipa, na akaeleza alivyokufa. Walikwisha patikana kumi. Mama yule amefariki, na picha ya karatasi haijulikani iliko. Katika nyumba yetu mpya makala ile imo, imepangwa vizuri kwa tarehe yake. Ina swali, haina picha, na haina hata jina moja.

Mtu akiniambia kwamba faili lile lilikuwa limehamisha maandishi yetu, nitamwomba anionyeshe golikipa.

Nimesikia pia hoja kwamba tusihangaike, kwa kuwa iko maktaba ya mtandaoni, Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, nayo hunakili kurasa za dunia nzima. Naiheshimu sana kazi yao. Lakini wao huchukua sura ya ukurasa kwa siku waliyopita. Siku wasiyopita hawana. Na sura ya nyumba si nyumba. Huwezi kuikalia, kuisahihisha, wala kuendelea kuandika pale ulipoishia. Mwenye mali hawezi kutegemea kwamba mpita njia atakuwa amempigia picha.

Wengine husema kwa dharau kwamba jambo lenye thamani lingechapishwa kitabuni. Kitabu hiki unachokishika nimekichapisha kwa fedha zangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kudharau vitabu. Lakini tujiulize kitabu kina nguvu gani. Nguvu yake ni kwamba zipo nakala nyingi, katika mikono mingi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuzizima zote usiku mmoja. Faili kamili la maandishi, linaloweza kupokelewa na tovuti yoyote, huyapa maandishi ya mtandaoni nguvu hiyo hiyo. Anayetunyima faili hilo ndiye anayeyafanya maandishi yetu yawe dhaifu, kisha anatucheka kwamba ni dhaifu.

Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Maandishi yetu mengi ya mwanzo mtandaoni, tangu enzi za akina Ndesanjo Macha waliotufundisha kwamba blogu inaweza kuandikwa kwa lugha yetu, hayakuwa na nakala kwingine. Hayakupita kwa mhariri wala hayakulazwa maktaba. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni hapa Tanzania, mwenye blogu alitakiwa kulipa ada ya leseni ya shilingi milioni moja na nyingine ya kila mwaka, na wapo walioamua kunyamaza. Sitaki kuingia katika ugomvi wa kanuni zile hapa. Nasema tu kwamba mtu anayelazimika kufunga duka ana haki ya kuchukua bidhaa zake. Kunyamaza leo kusiwe kufutwa yote uliyoyasema jana.

Sheria zimeanza kulitambua hilo, lakini kwa nusu. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinampa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika muundo unaosomeka na mashine, ili azipeleke kwingine. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria hizo zinahusu taarifa binafsi za mtu, nazo zilimfikiria mteja kuliko mwandishi. Yale majina kumi chini ya picha yalikuwa maneno ya watu tofauti. Yalikuwa na maana pale yalipokaa pamoja, na sheria haina lugha ya mkusanyiko wa namna hiyo.

Basi tudai nini? Tudai kwamba faili la kutokea liwe na kila kitu: makala, tarehe, majina ya waandishi, maoni ya wasomaji, na picha zenyewe badala ya anwani zake. Haya si mambo ya ajabu. Blogger imekuwa ikitoa makala pamoja na maoni, na wahandisi wa Google waliunda kikosi cha kazi hiyo tangu 2007. Tudai kwamba muundo wa faili uwe wazi, kwa sababu faili lisilopokelewa popote ni sanduku lililofungwa na ufunguo ukatupwa. Tudai kwamba kiprogramu cha kupokea kiseme wazi ni makala ngapi zimeingia, ni picha ngapi zimekosekana, na zipi, badala ya kutangaza kwamba kazi imekwisha. Na anayetangaza siku 30 atoe siku 30. Ahadi ni deni.

Kabla ya kudai kwa wengine, yapo yaliyo mikononi mwetu. Kabla hujaandika makala ya pili katika tovuti yoyote, itoe ile ya kwanza, uipeleke kwingine, uone imefika na nini na imeacha nini. Jaribio hilo halichukui saa nzima. Ukiona picha imebaki nyuma, au maoni hayamo, umekwisha jua unapanga kwa nani. Kisha chukua faili lako kila baada ya miezi mitatu, pamoja na picha, uliweke mahali pawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Tatizo letu ni kwamba tumeliacha nyumbani kwa mtu.

Bado namtafuta mtu mwenye nakala ya picha ile ya 1962. Wale vijana walikuwa wamefunga mikono kifuani, na mpira uko mbele yao.