Pimeni Umbali Kabla ya Kununua Kebo

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umekwishafika Kasumulu, mpakani na Malawi, na kila tunapozungumzia intaneti ya Kyela tunataja mkongo na minara. Safari tunayoisahau ni ile fupi ya mwisho, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta iliyo jengo la tatu. Katika mji kama Ipinda, wilayani Kyela, shule au kituo cha afya si jengo moja: utawala uko huku, maabara kule, stoo pembeni. Kebo ya shaba ya Ethaneti imewekewa kikomo cha mita 100, yaani 90 za kebo ya kudumu na 10 za vipande vya kuunganishia vifaa, na hupimwa kwa kufuata njia yake yote, ikipanda darini na kukunja kona. Fundi akivuta mita 130, taa ya swichi ya mtandao inaweza kuwaka, akalipwa na kuondoka. Baadaye data huharibika njiani na kutumwa upya, GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea vituo vya tiba, unasuasua, mgonjwa anasubiri dirishani, na lawama zinaiendea kampuni ya simu. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo wengi huikimbilia kwa bei yake, huzidisha tatizo.

Zamani umbali uliongezwa kwa ripita, vifaa vinavyorudia ishara na kuipa nguvu upya, nazo zilikuwa na ukomo. Kwenye Ethaneti ya megabiti 10 hazikutakiwa kuzidi nne kati ya kompyuta mbili, kwani mashine ilipaswa kugundua mgongano wa data ndani ya mikrosekunde 51.2, kabla haijamaliza kutuma baiti 64 za fremu fupi kuliko zote. Swichi za leo zimeondoa kikwazo hicho. Kila moja huanza mita 100 upya. Ila swichi ya katikati ya uwanja inataka umeme na paa, na ikizimika, majengo yote ya mbele yake yanakatika.

Wapo watakaosema Wi-Fi inatosha. Inafaa darasani, lakini kwa kawaida kifaa chake nacho hulishwa na kebo. Wengine watasema faiba, kebo inayopeleka data kwa mwanga, ni ghali, na ni kweli inahitaji vifaa vya kubadili mwanga na fundi mwenye mashine ya kuungia. Lakini Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na mvua huja na radi. Shaba iliyounganisha majengo mawili inaweza kupeleka mshtuko hadi kwenye kompyuta za pande zote mbili. Faiba isiyo na chuma ndani haipitishi umeme, na hufika kilometa kadhaa bila ripita. Halmashauri, bodi za shule na kamati za vituo vya afya zidai mchoro wenye urefu wa kila kebo kabla ya kuidhinisha malipo: shaba ndani ya jengo, faiba kati ya jengo na jengo.