Bei ya jino la kupandikiza ijumuishe matunzo yake

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Msweden aliyezaliwa na kasoro ya taya, Gösta Larsson, alipandikiziwa skrubu za titani mfupani. Aliyemtibu, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa ameona katika majaribio yake kwa sungura kwamba mfupa hushikamana na madini hayo. Larsson alitafunia meno yaliyoshikizwa kwa skrubu hizo hadi alipofariki mwaka 2006.

Kisa hicho kinatia moyo, ila kisimfanye mtu adhani kwamba jino la kupandikiza haliugui. Titani haiozi, kinachougua ni fizi na mfupa vinavyoizunguka. Utando wa bakteria ukiachwa shingoni mwa kipandikizi, yaani skrubu hiyo ya titani, fizi huvimba na kutoa damu mtu anapopiga mswaki. Hapo usafishaji mzuri huweza kurudisha afya. Ukipuuzwa, uvimbe huteremka na mfupa huanza kulika, tena upesi kuliko kwenye jino la asili, kwa sababu jino la asili limefungwa kwa nyuzi zilizojikita kwenye mzizi wake, ilhali fizi hukigusa tu kipandikizi bila kujifunga nacho. Na mara nyingi hakuna maumivu. Mgonjwa hushtuka akiona usaha, au jino likianza kucheza.

Watafiti wa Brazil waliwafuatilia kwa miaka mitano watu 80 ambao fizi zilizozunguka vipandikizi vyao zilikuwa zimevimba. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, kati ya waliokuwa wakihudhuria kliniki kwa usafishaji, 18 katika kila 100 walifikia hatua ya kuliwa mfupa. Wasiohudhuria walikaribia 44.

Ndiyo maana kliniki inayomtajia mgonjwa gharama ya upasuaji na ya jino la juu linalofungwa kwenye kipandikizi, kisha ikanyamaza, imemwambia nusu ya bei. Swali hili linamhusu anayetibiwa Dar es Salaam au Nairobi, na zaidi anayesafiri kwenda India au Uturuki: nani atamwondolea ugaga mwaka ujao? Mgonjwa apewe picha ya eksirei ya siku jino lilipokamilika, ili mfupa ulinganishwe baadaye. Apewe pia karatasi yenye jina na ukubwa wa kipandikizi, maana daktari mwingine asipojua ni cha aina gani, huenda akakosa hata kifaa cha kukifungulia.

Wajibu wa daktari huanza mapema. Ugonjwa wa fizi utibiwe kabla ya upasuaji, na mvutaji sigara au mwenye kisukari aelezwe wazi hatari inayomkabili. Jino la juu liundwe kwa namna ambayo brashi ndogo inapita chini yake. Lililobanana na fizi halisafishiki, hata mwenyewe awe na bidii namna gani. Saruji ya kugandishia jino hilo ikibaki chini ya fizi, nayo huchochea uvimbe.

Mfupa ukishaliwa, kazi huwa ngumu. Daktari husafisha kwa vifaa maalumu. Isipotosha, hupasua fizi ili aufikie uso wa skrubu, na pengine huongeza mfupa. Wakati mwingine kipandikizi hung'olewa. Vidonge vya antibayotiki vya kununua dukani haviwezi kuung'oa utando ulioganda kwenye titani. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata malipo ya awali, mgonjwa adai maandishi: atarudi kliniki mara ngapi kwa mwaka, na kila ziara itamgharimu kiasi gani.