Biashara iliyokwama: Kompyuta yapiga kengele, nani ataitika?

HAKUNA mfanyabiashara asiyeijua hali hii. Mteja anauliza bei, anaonyesha nia, anapelekewa profoma, kisha anakaa kimya. Hajakataa wala hajakubali. Siku zinapita, mzigo uko ghalani, na muuzaji anaendelea kuuhesabu kana kwamba umeshauzwa.

Katika kampuni nyingi za Marekani na Ulaya, tatizo hilo sasa linashughulikiwa na kompyuta. Zipo programu za kusimamia wateja na mauzo ambazo hutuma ujumbe wa tahadhari pale biashara inapokwama. Swali ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kujiuliza si kama wanaweza kuzinunua, bali ni kitu gani hasa kinachofanya kazi ndani yake, na kama kinaweza kupatikana kwa gharama ndogo.

Zinavyofanya kazi

Miongoni mwa kampuni zinazotengeneza programu hizo ni Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, HubSpot ya jimbo la Massachusetts, iliyoanza mwaka 2006, na Pipedrive, iliyoanzishwa nchini Estonia mwaka 2010. Zinatofautiana kwa bei na ukubwa, lakini msingi wake ni mmoja.

Kila mteja anayetarajiwa kununua hufunguliwa kumbukumbu yake, ambayo husogezwa hatua kwa hatua: ameuliza bei, amepelekewa profoma, majadiliano yanaendelea, na mwisho amenunua au amekataa. Programu hutunza tarehe ya simu, barua pepe au mkutano wa mwisho.

Katika Pipedrive, meneja anaweza kupanga idadi ya siku kwa kila hatua. Siku hizo zikipita bila lolote kufanyika, kumbukumbu ya mteja hugeuka nyekundu. Kampuni hiyo huiita hali hiyo kuoza, neno ambalo mkulima wa nyanya hahitaji kufafanuliwa.

Tahadhari pia huweza kutumwa moja kwa moja mahali ambapo wafanyakazi huwasiliana, kwa mfano katika programu ya Slack. Desemba 2020 Salesforce ilitangaza kuinunua Slack kwa takriban dola bilioni 27.7 za Marekani, na ununuzi huo ulikamilika Julai 2021. Moja ya faida zilizotarajiwa ilikuwa kuziweka taarifa za wateja palepale wafanyakazi wanapozungumza siku nzima.

Dalili zinazotazamwa kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza ni siku zilizopita bila mawasiliano. Ya pili ni biashara kukaa katika hatua moja muda mrefu kuliko zile zilizowahi kufanikiwa. Ya tatu ni tarehe ya kufunga mauzo kusogezwa mbele mara kwa mara. Hii ya tatu ndiyo inayosema mengi zaidi, kwa sababu mteja anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi kwa mwezi wa tatu mfululizo hajasogea hata hatua moja.

Kengele haiuzi

Hata hivyo, tahadhari ina mipaka yake. Kompyuta huona ukimya, lakini haioni sababu ya ukimya. Mteja anayesubiri mkopo benki, mteja aliyekwishanunua kwingine na mteja ambaye ofisa mauzo amesahau kumpigia, wote huonekana sawa. Kila mmoja anahitaji jibu lake: wa kwanza asubiriwe, wa pili afutwe, wa tatu apigiwe leo.

Tatizo jingine ni wingi. Tahadhari zikiingia 30 kila asubuhi, wafanyakazi huzizoea na kuacha kuzisoma. Aidha, ofisa anayeogopa meneja anaweza kuandika kuwa amewasiliana na mteja ili wekundu uondoke, ilhali hakuna kilichofanyika. Hapo kumbukumbu inapendeza, lakini mauzo bado yamekwama.

Ndiyo maana tahadhari huwa na maana pale inapoambatana na mambo matatu: jina la mtu anayepaswa kuitika, kitu anachopaswa kufanya, na siku ya mwisho ya kuamua kama biashara inaendelea au inaachwa.

Hesabu ya ukimya

Mfanyabiashara wa mazao ana sababu kubwa zaidi ya kufuata utaratibu huo kuliko anayeuza programu za kompyuta, kwani programu haidunguliwi na dumuzi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua magunia 100 ya mahindi kwa Sh60,000 kila moja. Ametumia Sh6 milioni. Kama fedha hizo ni mkopo wa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, riba yake ni Sh180,000, sawa na Sh6,000 kwa siku. Mnunuzi akikaa kimya kwa siku 10, riba pekee ni Sh60,000. Hiyo ni bei ya gunia zima. Bado hajalipia ghala, wala hajahesabu hasara ya wadudu.

Kwa nyanya hesabu ni kali zaidi, kwa sababu kinachoondoka si riba bali mali yenyewe. Kwa hiyo idadi ya siku za kusubiri haiwezi kuwa moja kwa kila zao. Muuzaji wa mahindi makavu anaweza kuvumilia wiki. Muuzaji wa nyanya akisubiri siku tatu bila kumtafuta mnunuzi mwingine, amechelewa.

Daftari na simu

Utaratibu huu hauhitaji programu ya gharama. WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa Januari 2018 na inayopatikana bure, ina lebo za kutenganisha wateja: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyelipa na oda iliyokamilika. Lebo ya malipo yanayosubiriwa, ikifunguliwa kila asubuhi, hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kampuni kubwa huilipia.

Asiye na simu ya aina hiyo anaweza kutumia daftari lenye safu tano: jina la mnunuzi, mzigo na bei, siku ya mazungumzo ya mwisho, hatua inayofuata, na siku ya kuamua. Hata simu ya kitochi ina kengele inayoweza kutegwa kwa siku hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la kuongeza ni ukomo wa bei. Profoma isiyo na tarehe ya mwisho humpa mnunuzi uhuru wa kusubiri bei ishuke, huku gharama zote zikibaki kwa muuzaji. Maneno mafupi kama "bei hii ni hadi Ijumaa, baada ya hapo mzigo uko huru" hubadilisha hali. Mnunuzi mwenye nia atajibu au atatoa malipo ya awali. Asiye na nia atajulikana mapema, kabla mzigo haujaharibika.

Kwa vikundi na vyama vya wakulima, jukumu hili likabidhiwe mtu mmoja kwa jina, siyo kamati nzima. Awe na orodha ya wanunuzi waliokaa kimya, aisome katika kila kikao, na aulizwe swali moja: kwa huyu tunasubiri nini, na hadi lini? Mnunuzi ambaye hakuna anayeweza kumjibia swali hilo aondolewe katika hesabu ya mauzo, na mzigo wake utafutiwe soko jingine siku hiyohiyo.