Alama Zimefika, Kazi Iko Wapi?

Walimu wa gredi ya saba na ya nane hupakia alama za tathmini za shuleni kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Alama hizo zinabeba asilimia 20 ya matokeo yanayompangia mtoto nafasi ya gredi ya 10. Tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, KPSEA, inabeba 20 nyingine, na ile ya gredi ya tisa, KJSEA, 60. Sasa uliza iliko kazi iliyozaa alama hizo. Imo kwenye faili la manila kabatini, ikingoja mchwa, au ilitupwa siku darasa lilipofagiliwa kufunga muhula. Kupokea alama bila kazi ni kupokea risiti ya gunia la mahindi bila gunia.

Dawa haina ugumu. Mwalimu aipige picha kazi ya mtoto darasani, siku ile ile ilipofanywa, aandike neno moja au mawili kuihusu, aihifadhi. Hiyo ndiyo potfolio ya kidijitali. Haidai maabara ya kompyuta wala programu ya mamilioni.

Mtasema intaneti hakuna. Picha haihitaji intaneti ili ikae kwenye simu. Mtasema nafasi haitoshi. Picha ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, darasa la watoto 40 wenye kazi 10 kila mmoja linakula megabaiti 80 tu. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba shule nzima. Vifaa? Serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na sekondari msingi, zenye gredi ya saba hadi ya tisa, ziko kwenye nyua hizo hizo. Vinavyowaka vitolewe kabatini. Pasipo na hata kimoja, shule inunue simu moja ianze nayo.

Kilio cha mwalimu mwenye watoto 60 ndicho chenye uzito, nasi tunakisikia. Basi asiambiwe apige picha kila daftari. Kazi mbili au tatu kwa muhula zinatosha, mtoto mwenyewe akisaidia kuzichagua na kueleza kwa nini amezichagua. Fomu za karatasi zinazorudia kumbukumbu hizo hizo zifutwe, maana mwalimu hawezi kuandika mara mbili.

Na iwe kazi ya darasani. Kila mtu anakumbuka sanamu za kutishia ndege zilizoshonwa na akina mama usiku, kisha watoto wakazibeba asubuhi kwenda kupewa alama. Huko tulikuwa tunampima mama. Mtoto akifanya kazi mbele ya mwalimu, picha ikapigwa pale pale, ubishi umekwisha.

Sauti nayo isisahaulike. Mrekodi mtoto akisoma aya moja Januari, umrekodi tena Julai. Mzazi anayeletewa ripoti iliyoandikwa "kukaribia matarajio" huondoka na swali lile lile alilokuja nalo. Akisikia mwanawe akikwama kwenye maneno Januari, kisha akiyapita Julai, hahitaji mkalimani.

Tahadhari ni moja. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo piga picha kazi, uso uuache. Kila folda ipewe namba ya tathmini badala ya jina, na ikae kwenye kifaa cha shule. Kundi la WhatsApp la wazazi si kabati.

KNEC itoe mwongozo wa kurasa mbili kabla ya muhula ujao. Afisa wa ubora akifika shuleni, achague watoto watano bila kutangaza, afungue folda zao, alinganishe kazi na alama zilizopakiwa. Na kazi ikifanywa darasani, hakuna mzazi atakayetumwa tena saiba kulipia picha za kubandika kwenye kazi ya mtoto.